Maalim Njia Fupi na Mwaliko wa Sur

Mimi habari hii nishachoka nayo. Kila anayepita kwangu na kisahani cha kashata anakaa, anakunywa chai yangu, halafu anauliza, "Ehe, bibi, na ile ya Maalim Ghaith ilikuwaje?" kama kwamba mie ndiye niliyeozesha. Waliokuwepo wako hai, wana midomo, na midomo yenyewe haijapata kufungwa. Lakini wao wakiisimulia kila mmoja anajitoa, anayebaki na kosa ni kompyuta, ambayo haina wa kuitetea. Basi nasema mara moja, na nikimaliza nisiulizwe tena.

Hapa Ibra, huku Uarabuni, nyuma ya soko la kina mama la Jumatano, kuna duka la fundi cherehani lililofungwa tangu fundi arudi kwao, na mbele yake kibaraza cha saruji chenye kivuli kuanzia alasiri. Kibaraza wamekitwaa wanaume watatu ambao Unguja waliacha nyumba, mashamba na makaburi, wakaondoka na baraza tu. Himid alikuwa karani wa wizara mpaka akastaafu; anaitwa Redio, kwa sababu hazimwi. Amur aliendesha lori la maji miaka thelathini, anaitwa Gia. Sleyum alipata kuwa shahidi katika kesi moja ya mpaka wa shamba, na tangu siku hiyo anaitwa Wakili, na kila neno analolisema analifunga kwa methali, ifae isifae. Kahawa analeta Himid, chupa moja ya moto, na ikisha wanakwenda kusali. Wa nne anakuja akitoka kazini. Huyo ndiye Ghaith.

Ghaith anasomesha chuoni. Anachosomesha kina jina refu la Kizungu ambalo mie sikulishika na sijuti. Kwa lugha ya watu ni elimu ya kuamua. Mkubwa wa kazi ana malori machache na mizigo mingi, ana wauguzi kumi na zamu kumi na tano. Aanze wapi, amtume nani, apite njia gani, ili apoteze kidogo kabisa? Unaandika lengo, yaani kile unachotaka kukipunguza au kukizidisha. Unaandika masharti, yaani yale yasiyovunjwa. Halafu unaiachia kompyuta ikuchagulie. Kila mwanamke aliyewahi kuwa na samaki mmoja na watoto saba anaijua elimu hiyo, ila hakupewa shahada. Ghaith anaisomesha mwaka wa ishirini na moja huu, na mwaka wa ishirini na moja huu wanafunzi wanamuuliza swali lile lile: hii itakuja kwenye mtihani?

Uchovu huo ndio uliomponza. Alichoka na malori ya kitabuni yanayokwenda miji ya kitabuni. Akasema moyoni, nitawapa kitu kilicho hai, labda watafungua macho. Akawapa harusi ya binti yake.

Ahlam alikuwa anaolewa na Muatasim wa Nizwa, na nyumba za kualika zilikuwa arobaini na moja, zimetawanyika Nizwa, Ibra, Al Mintirib na Sur. Ghaith akaandika ubaoni: nyumba arobaini na moja, gari moja, tafuteni njia fupi kuliko zote. Alama ishirini. Anasema siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, hakuna aliyelala nyuma.

Sasa asiyejua na ajue. Kadi za kwenye simu zipo, na kila mtu hupelekewa. Lakini kwa sisi tuliotoka Unguja na Pemba mwanamke mzima hajaalikwa mpaka mwalishi apige hodi kwake, akae, aseme kwa mdomo wake nani anaozwa, kwa nani, na lini. Na mwalishi hashiki njia tu akaenda. Anaanza kwa shangazi wa bibi harusi. Shangazi akishasema "nimepokea", ndipo milango mingine inafunguka.

Shangazi wa Ahlam ni Bi Ghaliya, dada mkubwa wa Ghaith, na yuko Sur. Tena si shangazi wa jina. Mama yake Ahlam alikufa mtoto ana miaka mitatu, na Ghaith yuko ng'ambo anaitafuta shahada yake ya kupunguza. Bi Ghaliya akamchukua mtoto akamlea miaka sita, akamtoa utotoni, akamrudisha anajua kusoma, kusali na kukaanga. Siku ya harusi alikuwa anaijua, Ahlam alishamwambia. Lakini kujua na kualikwa ni mambo mawili.

Na barabara ndivyo zilivyo. Ibra iko katikati. Nizwa iko upande mmoja. Upande wa pili iko Al Mintirib, ukingoni mwa mchanga, na ukiendelea na barabara ile ile unaishia Sur, baharini. Kompyuta ikasema jambo ambalo hata punda angelisema: anza Nizwa, rudi Ibra, pitia Al Mintirib, malizia Sur. Siku mbili badala ya tatu, na petroli pungufu.

Ghaith akapiga chapa orodha, akampa Bi Shaikha mwalishi. Bi Shaikha ana miaka arobaini katika kazi hiyo na macho yake hayataki miwani. Akaipitia karatasi toka juu mpaka chini.

— Bi Ghaliya simuoni.

— Yumo. Tazama mwisho.

— Maalim, karatasi yako umeishika kichwa chini.

— Nenda nayo hivyo hivyo, Bi Shaikha. Imehesabiwa.

Bi Shaikha akaenda nayo hivyo hivyo. Ameajiriwa, si mzazi wake.

Siku ya pili asubuhi mwanamke mmoja wa Al Mintirib, ambaye alikwisha kualikwa na furaha imemjaa, akampigia simu Bi Ghaliya kumuuliza rangi ya sare. Bi Ghaliya akaulizwa atavaa nini katika harusi ambayo yeye hajapigiwa hodi. Alasiri Bi Shaikha alipofika Sur aliukuta mlango umefungwa. Akabisha. Akajibiwa kwa ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwambie ndugu yangu mwaliko wa arobaini na moja si mwaliko. Ni ukoko."

Ahlam hakulia. Alivua pete ya posa akaiweka juu ya friji, akamwambia baba yake, "Anitoe shangazi, au sitoki." Akaenda zake kazini. Harusi ilikuwa imebakia siku tisa.

Basi Jumatatu hiyo Ghaith alifika barazani, akakaa ukingoni, akaipokea finjani kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake. Miguu ilikuwa inamuuma, na wala hakutembea. Alikwisha mpigia dada yake mara kumi na moja. Alikwisha peleka halwa ya Nizwa, pakiti kubwa, ikarudi na dereva yule yule, utepe haujakatwa.

— Kunywa, Njia Fupi, alisema Himid.

Jina hilo lilikuwa na umri wa siku tatu, na lilishafika Nizwa bila ya kuulizia njia.

Amur alitaka kujua kwanza Bi Shaikha alipelekwa na gari gani. Ghaith akasema ya kukodi, ndogo, nyeupe. Amur akaweka finjani chini kama daktari aliyeliona gonjwa.

— Khalas. Mwanamke wa Sur haendewi na gari ndogo. Mie nimepeleka maji Sur, nawajua. Wanachungulia dirishani kwanza, wakiona gari ndogo hawatoki.

— Hakuchungulia, alisema Ghaith. Dada yangu alikuwa ameshakasirika tangu asubuhi.

— Ehe. Kaisikia kwa mbali. Gari ndogo ina mlio wake.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema Sleyum.

— Kuku gani, yakhe?

— Gari ya kukodi.

Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu Sleyum ukimuuliza hujibu.

Himid yeye alikwisha kupata habari zake, za kuaminika, kwa mtu ambaye hawezi kumtaja. Alieleza kwa kirefu kwamba kosa si la Ghaith. Kosa ni la setilaiti. Kule Sur kuna mtambo wa gesi, na mtambo una joto, na setilaiti ikipita juu inaona moto, inaogopa, inaukwepa mji. Ndiyo maana kompyuta ikaiweka Sur mwisho. Kompyuta yoyote ingefanya hivyo. Akamshauri Ghaith amuandikie Bi Ghaliya barua ya kumfahamisha habari za joto.

— Kompyuta haikukwepa kitu, alisema Ghaith. Iliulizwa njia fupi, ikatoa njia fupi. Hesabu ni sahihi. Nimeikagua mara tatu.

— Basi kama hesabu ni sahihi, aliyekosea ni dada yako, alisema Amur.

Neno hilo hilo Ghaith alikwisha kulisema mwenyewe, usiku wa kwanza, peke yake, akilitazama friji. Likisemwa na Amur, mbele ya watu, likawa na sura mbaya zaidi. Akanywa kahawa iliyokwisha kupoa.

Hapo Sleyum akaona zamu yake imefika. Akakunja kanzu, akasema jambo hili ni la kisheria. Nyumba arobaini zimealikwa kabla ya mwenye haki. Kwa hiyo mialiko arobaini ni batili. Dawa yake ni kuifuta yote: apelekwe Bi Shaikha akapige hodi nyumba arobaini, awaambie hamkualikwa, mlisikia vibaya. Halafu aalikwe Bi Ghaliya. Halafu waalikwe tena wale arobaini.

— Watakuja? aliuliza Ghaith.

— Watakuja kwa hasira, lakini watakuja. Penye wengi hapaharibiki neno.

Himid akasema hiyo ni kazi nyingi. Afadhali ibadilishwe siku ya harusi. Siku ikibadilika, harusi ni mpya, na mwaliko wa zamani unakufa wenyewe kama namba ya simu isiyolipiwa. Ghaith akamkumbusha ukumbi umekwisha kukodiwa, na watu wa Nizwa wamekwisha kuagiza mbuzi. Amur akauliza kwani haiwezekani Bi Ghaliya ahamie Ibra. Angekuwa Ibra angekuwa wa katikati, na hili lisingetokea. Alilisema kwa uzito, kama mtu anayezungumzia tangi la maji.

— Wee Ghaith, alisema Sleyum, na sauti ilikuwa imeshuka, una miaka mingapi huna mke?

— Ishirini na saba.

— Basi oa.

Hata Himid akaiweka chupa chini.

— Oa wewe kwanza, alisema Sleyum. Wiki hii. Bi Shaikha aende Sur moja kwa moja, nyumba ya kwanza, amualike Bi Ghaliya harusi yako. Atapokea, dada hakatai harusi ya kaka. Akishapokea, ya kwako na ya Ahlam mnaziunganisha, ukumbi ule ule, mbuzi wale wale. Atakuwa kaalikwa wa kwanza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Amur aliliona jambo hilo lina akili. Akaanza kutaja wajane. Himid akataja mmoja wa Al Mintirib mwenye nyumba mbili za kupangisha watalii na meno yake mwenyewe. Wakaingia katika ubishi kama mjane huyo ni wa mwaka gani, na Ghaith akakaa pale anaozeshwa, hana hata nguvu ya kusema hapana. Alikuwa anafikiri juu ya kitu kidogo tu. Ahlam alipokuwa na miaka tisa, siku aliyorudishwa kutoka Sur, alishuka garini na mfuko wake, akamuamkia, halafu akageuka kumuuliza Bi Ghaliya kama anaweza kuingia ndani. Shangazi ndiye aliyempa ruhusa ya kuingia kwa baba yake. Sasa anamtaka yule yule ampe ruhusa ya kutoka. Nini kisichofahamika hapo? Mtu mwenye shahada tatu.

Gari ya Reem ikasimama. Reem ni mjukuu wa Himid, na kila siku kabla ya magharibi huja kumchukua babu yake, kwani Himid akiachiwa mwenyewe hufika kwake na nusu ya mji. Msichana yuko chuoni, tena darasani kwa Ghaith. Kiswahili chake ni cha waliozaliwa huku, kinachechemea, lakini hakiogopi.

— Shikamooni.

— Marahaba, walisema watatu. Ghaith naye akaitikia, kwa chini.

— Babu, yalla, chakula tayari.

Himid hakuwa tayari. Akamwambia wanaume wana jambo kubwa, la hesabu, ile ile hesabu aliyofeli yeye.

— Mie sijafeli. Nimepata sita.

— Sita katika ishirini. Kwa nini?

Reem akamtazama mwalimu wake, kuona kama anaruhusiwa. Ghaith alikuwa anatazama chini ya finjani.

— Nilianza na Sur, alisema Reem. Niliandika sharti: nyumba ya shangazi mwanzo, halafu kompyuta ichague ingine. Ilitoka ndefu. Ustadh aliandika na nyekundu, "Sharti hili limetoka wapi?"

Amur akakohoa. Sleyum akajishughulisha na kifungo cha kanzu. Himid, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu mpaka mambo ya setilaiti, akamtazama mjukuu wake kama mtu anayemhesabu upya.

— Na ukamjibu nini? aliuliza Himid.

— Sikujibu. Nilidhani ustadh anajua.

Alisema hivyo bila ya ubaya, na ndiyo maana liliuma. Akamshika babu yake mkono amnyanyue. Kisha akasita.

— Ustadh, swali moja tu. Petroli ilikuwa haitoshi?

Ghaith akainua uso.

— Nini?

— Petroli. Au siku ndio ilikuwa haitoshi? Maana wewe unatufundisha, kwanza tutafute kitu gani ni kichache.

Nikwambieni, kibaraza kile kimesikia maswali mengi, na hakuna lililokosa majibu matatu. Hilo lilikosa. Amur, aliyenunua petroli miaka thelathini, akageuka kuitazama gari ya Reem. Sleyum alinyoosha mkono kutafuta methali, mkono ukarudi mtupu. Ghaith alikuwa na tangi limejaa nje ya nyumba yake, na likizo ya wiki mbili aliyoiomba mwenyewe kwa ajili ya harusi, na hajaifanyia kitu. Himid aliinamisha chupa juu ya finjani ya Ghaith. Yakatoka matone mawili na machicha.

Kesho yake, jua linatoka, Ghaith alikuwa Sur, hakupiga simu, hakuchukua halwa. Bi Ghaliya alifungua. Akamwacha asimame kizingitini mpaka akaisema yote mwenyewe, pamoja na ile sita ya Reem, kwani hiyo dada yake alikuwa bado hajaisikia, na angeweza kuificha, akaona hapana faida. Bi Ghaliya hakupandisha sauti. Alisema amepokea. Akenda akavaa buibui, akatoka na mkoba, akaingia gari mbele.

— Bi Shaikha tutampitia Ibra, alisema. Tunaalika upya. Nyumba arobaini zote.

— Vizuri, dada. Tukianza na Sur hapa hapa, halafu Al Mintirib...

— Kwa umri, Ghaith. Hatualiki kwa barabara.

Umri wa kila mmoja anao kichwani, na miezi. Simu yenye ramani akaitia mkobani mwake. Mkubwa wa wote alikuwa Nizwa. Wa pili yake Al Mintirib. Wa tatu Nizwa tena, nyuma ya nyumba ya yule wa kwanza, wanagawana ukuta. Wa nne, Sur, walikotoka. Kila nyumba wanawake waliingia, wakakaa, wakanywa, wakasema maneno yao, na Ghaith akangoja nje ndani ya gari, kwa sababu hakualikwa yeye. Mlangoni kwake mwenyewe Ibra alipita mara saba, na mara saba Bi Ghaliya alikuwa anatazama mbele.

Ikawa siku tano. Amur alitaka kujua mita ilisomaje, na akaambiwa: kilomita elfu tatu na mia moja na sitini. Ile njia ndefu ya Reem ilikuwa haifiki hata elfu moja. Pete ikatoka juu ya friji, Ahlam akatolewa na shangazi aliyemtaka. Hayo mnayajua, mlikula.

Lakini kulikuwa na deni la mwisho, na hilo Bi Ghaliya alilikumbuka siku ya tano, wako Nizwa, nje ya nyumba ya thelathini na nane. Chuoni alama ikishaandikwa haibadilishwi kwa mdomo. Mwalimu lazima amuandikie mkuu wa idara, aeleze kwa nini, aweke saini, na barua inabaki katika faili lake. Bi Ghaliya akatoa mkobani kalamu na karatasi, akavitia mikononi mwake, akashuka na Bi Shaikha kupiga hodi. Ghaith akaiandika juu ya usukani, jua linampiga upande mmoja wa uso: kwamba mwanafunzi Reem alijibu sawa, anastahili ishirini, na kwamba aliyekosea, katika lengo na katika masharti, ni aliyetunga swali. Wanawake walipotoka Bi Ghaliya akaisoma, akamrudishia. Ghaith alikuwa amesahau kutia jina lake. Akalitia.